Mandolini inakoroma? Kabla hujashika bisibisi jua kwanza inafuata nini

Unapiga noti ya kwanza safi, ya pili safi, ya tatu zzzzz. Unarudia, zzzzz. Unakandamiza kidole zaidi, bado ipo. Aliyekaa pembeni anakwambia mbona iko poa tu, ila wewe ushaisikia, na ukishaisikia ndo imetoka hiyo, kuanzia hapo kila ukishika mandolini unaisubiri tu itokee.

Hapo ndo wengi tunapokosea, mimi wa kwanza. Tunakimbilia bisibisi na tupa, tunapandisha daraja, tunakaza shingo, tunabadilisha nyuzi, vyote siku moja, na mwisho hujui kipi kimesaidia na kipi kimeharibu. Mandolini, hii ala ya nyuzi kama gitaa dogo, ni kidude kidogo ila kina vipande vingi kuliko unavyodhani: nyuzi 8, tyuna 8 (vile vya kukazia nyuzi kichwani) na kila moja ina kipini chake, gia yake, skrubu zake na pete yake, kuna daraja (kile kibao kinachoinua nyuzi juu ya uso) ambalo halijagundishwa popote limekaa tu kwa kukandamizwa na nyuzi, kuna chuma cha mkiani kinachoshika ncha za nyuzi na kifuniko chake, kuna kinga ya piki (piki ni kile kiplastiki cha kupigia nyuzi) imening'inia hewani kwa kibano kimoja, na ndani kuna mbao za kuimarisha uso ambazo huzioni kabisa. Chochote kati ya hivyo kikilegea hata kidogo kinakoroma, na sikio litakwambia sauti inatoka kwenye freti (vile vichuma vilivyokatiza shingo) wakati haitoki huko. Masikio yanadanganya sana kwenye hii kitu.

Anza na vitu vya aibu

Sikutanii, fanya haya kwanza, ni dakika tano tu. Vua saa na bangili. Angalia kifungo cha shati, zipu ya jaketi, bizimu ya mkanda, maana mgongo wa mandolini unakaa tumboni kwako na kitu chochote cha chuma kikiugusa kidogo tu (kidogo, sio sana, kikiugusa sana kinanyamaza) kinapiga kelele. Kama una ile tyuna ya betri ya kupimia noti, ya kubana kichwani mwa mandolini, itoe. Kama una tabia ya kuchomeka piki kati ya nyuzi kule kichwani itoe nayo. Angalia ncha za nyuzi ulizokata kwenye tyuna, ncha moja ikigusana na tyuna ya jirani au na mbao ya kichwa inatosha kukukosesha raha wiki nzima, na pia inachoma vidole kwahiyo ikunje tu au ikate.

Afu hama chumba. Kweli, nenda ukapigie chumba kingine. Glasi kabatini, kifuniko cha sufuria, ngoma ya snea iliyoachwa na waya zake wazi, kioo cha dirisha, vyote vinaitikia noti fulani. Ukihama na mkoromo ukapotea basi mandolini haina kosa.

Na mkono wako nao uchunguze bila kujionea huruma. Kwenye mandolini kila jozi ina nyuzi mbili na kidole kimoja kinatakiwa kizibane zote mbili, karibu na freti yenyewe, ukibana katikati ya nafasi au kidole kikalala upande mmoja uzi mmoja unabanwa vizuri na mwenzake unaelea. Piga uzi mmoja mmoja wa jozi kwa kuuziba mwenzake na ncha ya kidole kingine au kipande cha kitambaa. Hili la kutenganisha nyuzi za jozi utalifanya tena na tena mpaka mwisho, lizoee.

Sasa swali lenyewe

Kama bado inakoroma, usiguse kitu. Jiulize: mkoromo unafuata mahali ulipobana, au unafuata noti?

Haya ni mambo mawili tofauti kabisa na matibabu yake hayafanani. Uzi ukigonga freti, au ukicheza ndani ya mfereji wa nati (ule mfupa wa mwisho wa shingo unaopitisha nyuzi), tatizo liko kwa huo uzi na mahali hapo. Ila kitu kilicholegea, tuseme skrubu, kina mtetemo wake mmoja kinaoupenda, kikisikia noti yenye mtetemo huo kinaamka kuzomea, na hakijali noti imetoka uzi gani.

Namna ya kujua ni rahisi. Mandolini imetyuniwa G, D, A, E, kuanzia jozi nene kwenda nyembamba, na kila jozi imepishana na mwenzake kwa freti 7. Kwahiyo noti yoyote ukitaka kuipata kwenye jozi nene inayofuata, ongeza freti 7. A ya wazi, yaani bila kubana (ile ya hezi 440, mitetemo 440 kwa sekunde), utaipata tena kwenye D freti ya 7 na kwenye G freti ya 14. E ya wazi utaipata A freti ya 7 na D freti ya 14. C ya A freti ya 3 ipo D freti ya 10 na G freti ya 17. Umeelewa eeh.

Piga hiyo noti yako mbovu sehemu zote unazoweza kuipata. Ikikoroma kote, freti hazina kosa, achana nazo, tafuta kilicholegea. Ikikoroma sehemu moja tu na kwingine safi, tatizo lipo hapohapo kwenye huo uzi. Jaribu pia oktavu ya chini (noti ya jina lilelile ila nzito zaidi), kwasababu noti ya chini inabeba ndani yake ile ya juu, kwahiyo kitu kilicholegea mara nyingi kinaitikia na huko ila kwa unyonge.

Kuna dalili nyingine ya kusaidia: mkoromo wa freti mara nyingi unatokea mwanzoni ukipiga kwa nguvu, uzi ukitulia nao unaisha, ukipiga polepole hausikiki. Kitu kilicholegea kinaweza kukoroma hata ukipiga kwa upole, na kinaendelea noti ikiwa inaelekea kufa, wakati mwingine ndo kwanza kinasikika vizuri.

Nilivyoharibu freti isiyo na kosa

Mandolini yangu ilikua inakoroma B, jozi ya A freti ya 2. Nikawaza kama anavyowaza mtu yeyote: nimebana freti ya 2, inakoroma, basi freti ya 3 imenyanyuka uzi unaigonga. Hesabu nzuri kabisa. Nikachukua msasa laini nimeuzungushia kwenye rula nikaanza kuipunguza ile freti ya 3, kidogo, nikajaribu, bado, kidogo tena, bado, nikaongeza. Ilipofika jioni B ilikua inakoroma vilevile na sasa C nayo, maana freti ya 3 nimeishusha mpaka ukiibana uzi unaenda kugonga freti ya 4. Yaani nilikua na mkoromo mmoja wa uongo nikajitengenezea mwingine wa kweli.

Siku ya tatu, nishakata tamaa, nikajikuta napiga ile B kwenye D freti ya 9. Zzzzz. G freti ya 16, zzzzz. Hata G freti ya 4, oktavu ya chini, kwa mbaali zzz. Nikajua nimefanya ujinga. Nikaanza kugusa kila kitu kwa kidole huku napiga kwa mkono mwingine, nilipofika kichwani nikaweka ncha ya kidole kwenye pete ya tyuna ya uzi wa E wa nje, kimya. Nikatoa kidole, zzzz. Nikaweka, kimya. Ile pete ndogo ya chuma inayozunguka mhimili wa tyuna pale usoni mwa kichwa ilikua inazunguka yenyewe ukiisukuma kwa kucha. Nilitoa uzi, nikaichomoa, nikaizungushia kipande chembamba cha karatasi nikairudisha ikakaza. Dakika kumi.

Angalia, uzi wa E wala sikua naupiga. Ndo maana nakwambia usikimbilie pale ulipobana.

Inafuata noti: kugusa mpaka inyamaze

Kama una mtu wa kukusaidia ni vizuri sana, mmoja apige hiyo noti tena na tena kwa nguvu ileile, mwingine aguse. Ukiwa peke yako noti ya uzi wa wazi ni rahisi, noti ya kubana jaribu kuweka kapo (kibano cha kubana nyuzi shingoni) ili mkono wa kushoto ubaki huru. Au tumia simu, kuna programu za kutoa toni moja, unaiunganisha na spika ndogo, unaweka spika karibu na uso wa mandolini na unapandisha toni taratibu kuanzia kama hezi 190 mpaka 1000 hivi (G ya wazi ni 196, E ya wazi ni kama 659), ikifika pale mandolini itaanza kukoroma yenyewe bila mtu kuipiga na wewe una mikono yote miwili ya kutafuta. Hata kuimba "uuuu" mdomo ukiwa karibu na tundu la sauti la usoni huku unapanda na kushuka inafanya kazi, jirani atakuona umechanganyikiwa ila inafanya kazi.

Kugusa maana yake kugusa kwa uthabiti, unabonyeza kitu kisitikisike. Anza kichwani ushuke mpaka mkiani, usiruke kitu.

Kichwani: pete za tyuna zote 8. Kisha geuza nyuma, bonyeza kila kipini, kila gia, skrubu ndogo ya kila gia, skrubu za bati linaloshika tyuna. Kaza taratibu, hizi skrubu ni ndogo na mbao yake laini, ukikaza kwa hasira inazunguka bure na sasa una shimo. Halafu kile kifuniko kidogo pale juu ya nati kinachoficha chuma cha shingoni, hicho usikibonyeze, kifungue kabisa ukiweke pembeni ujaribu bila chenyewe. Nimeshaona kikikoroma hata skrubu zikiwa zimekaza, kwasababu kimepinda kidogo na ncha moja inaelea.

Chuma chenyewe cha shingoni, trasrodi, kikiwa kimelegea kabisa kinaweza kucheza ndani ya mfereji wake. Ziba nyuzi zote kwa mkono mmoja, gonga mgongo wa shingo na ngumi, sikiliza kama kuna kitu kinalia kwa ndani kama kijiti kwenye bomba. Kama ndo hivyo kikaze kidogo sana mpaka kishike, robo ya mzunguko inatosha na hata pungufu ya robo, afu angalia shingo imejibuje kabla hujaendelea. Mandolini nyingi za zamani hazina hiki chuma kabisa kwahiyo usihangaike kukitafuta.

Vile vipande vya nyuzi ambavyo hatuvipigi, kati ya nati na tyuna, na kati ya daraja na mkia, vinalia vyenyewe. Vya mkiani vinatoa zaidi mlio mwembamba wa kengele kuliko mkoromo, ila watu wengi wanauita mkoromo. Pitisha kipande cha ngozi au kitambaa kizito katikati ya nyuzi, juu ya huu chini ya ule, kama unasuka ukili. Ukinyamaza, ndo tiba hiyohiyo, iache hapo, kuna watu wanapiga maisha yao yote na kakipande ka ngozi mkiani na hakuna shida.

Mkia wenyewe sasa. Kifuniko cha mkiani, hasa vile vyepesi vya bati vinavyoteleza kukaa mahali pake, ndo mtuhumiwa wangu namba moja siku zote. Kitoe, piga, ukisikia kimya rudisha ukiwa umebandika kipande cha sufu kwa ndani. Wapigaji wengi wanakitoa na hawakirudishi tena. Ukiwa hapo angalia skrubu zinazoshika mkia kwenye bodi na kile kifungo cha mkanda.

Kinga ya piki nayo fungua kabisa. Imeshikwa na kibano ubavuni na vipini vidogo upande wa shingo na daraja, vile vipini vikilegea kwenye mashimo yake vinalia, au kinga yenyewe imeshuka inagusa uso wa mandolini. Kama mandolini yako imefungwa pikapu (kile kinachopeleka sauti kwenye spika), kaza nati ya jeki, lile tundu la kuchomekea waya pale mkiani, afu tazama ule waya ndani, waya ukilala kwenye uso unapigapiga kama kidole mezani. Ubandike kwa tepu ubavuni.

Daraja ni la kuchunguza kwa utulivu zaidi. Madaraja mengi ya mandolini yana vipande viwili, miguu chini na tandiko juu, katikati kuna nguzo mbili za skrubu na magurudumu madogo ya kupandisha na kushusha. Chukua karatasi nyembamba jaribu kuipitisha kati ya gurudumu na tandiko, pande zote mbili. Ikipita upande mmoja, tandiko halijakalia gurudumu hilo, linaelea, na lazima litalia. Halafu fanya hivyohivyo chini ya miguu kuzunguka kote, karatasi isipite popote. Ikipita, miguu haijachongwa kufuata mviringo wa uso, hapo sio mkoromo tu, hata sauti nzima unaipoteza. Kuichonga kwa kuweka msasa juu ya uso na kusugua miguu juu yake inawezekana kufanya mwenyewe ila ukiharibu utanunua daraja jingine, kwahiyo pima moyo wako.

Onyo moja, kwasababu daraja halijagundishwa: usitoe nyuzi zote kwa pamoja. Litaanguka na hutojua lilikua wapi, na likihama hata milimita mbili noti za juu zote zinakua nje. Weka alama ndogo ya penseli laini pembeni ya miguu, au kipande cha tepu isiyong'oa rangi, kabla hujafanya chochote.

Umegusa kila kitu nje na bado?

Basi iko ndani. Kwanza tikisa mandolini ikiwa imeinama, sikiliza. Utashangaa yanayotoka: kipande cha piki, ncha ya uzi, tone la gundi lililokauka likadondoka. Lebo ya karatasi iliyobanduka kona moja inatosha kukoroma.

Kisha ubao wa ndani. Uso wa mandolini umeegemea mbao mbili ndefu au mbao zilizokatizana kama X, zimegundishwa kwa ndani, na gundi ikiachia hata sentimita mbili mwishoni mwa ubao, pale panafunguka na kufunga kila ukipiga. Ziba nyuzi, gonga uso kwa fundo la kidole, taratibu, pole pole, ukifuata mistari kutoka karibu na shingo kwenda mkiani. Palipo pazima panatoa "tok" iliyokaza, palipoachia panatoa sauti iliyopasuka, kama kugonga chungu chenye ufa. Gonga na mgongo pia. Nunua kioo kidogo cha meno, au ingiza tochi ndogo kwenye tundu moja uchungulie kwenye jingine, simu nayo inapiga picha nzuri ukiilaza karibu na tundu. Ufa wa gundi ni mwembamba, wakati mwingine unaonekana tu ukibonyeza uso kwa kidole gumba na mtu mwingine anachungulia.

Pita na kucha pembeni kote pale uso unapokutana na mbavu, na ule utepe wa plastiki unaozunguka kingo. Utepe ukibanduka unalia kama mdudu. Palipofunguka, kucha inakwama.

Ukiwa na mandolini ya Gibson (kampuni ya Marekani) aina ya F-5 ya enzi za mbunifu wao Lloyd Loar, 1922 mpaka 1924, basi hongera sana na usiguse kitu, ila ujue tu kwamba baadhi ya hizo zilifungwa ndani kisahani cha mbao kinaitwa Virzi, kimening'inia chini ya uso kwa miguu yake, kikilegea nacho kinalia. Sisi wengine tuendelee.

Ubao ulioachia kama unaufikia kwa tundu unaweza kugundishwa na gundi ya mbao na kibano kidogo, mimi sifanyi, hiyo ya ndani napeleka kwa fundi. Gundi ikimwagika ndani au ubao ukashika ukiwa umekaa vibaya, fundi atakua na kazi mara mbili.

Inafuata uzi na freti

Hapa kuna mpangilio unaoeleweka kwahiyo naenda haraka kidogo.

Nyuzi kwanza. Uzi mzee wa kuzungushiwa waya, G na D, ule waya wa nje ukilegea unakoroma kivyake popote unapobana. Badilisha, mmojammoja. Na kama juzi umehama kutoka seti ya kati (E ya 0.28 mm) kwenda nyepesi (E ya 0.25 mm) na mkoromo umeanza hapo, jibu unalo tayari: uzi mwembamba una mvuto mdogo, unacheza kwa upana zaidi, unafika kwenye freti.

Unakoroma ukiwa wazi tu, ukibana popote safi? Nati. Namaanisha ule mfupa wenye mifereji mwisho wa shingo, sio nati ya bolti. Ama mfereji umechimbika sana uzi unagonga freti ya 1, ama mfereji ni mpana au umechongwa mgongo wake ukainama vibaya uzi unacheza ndani yake, hii ya pili inatoa sauti kama ya sitari, ile ala ya Kihindi. Kujaribu: legeza uzi, weka kipande kidogo cha karatasi chini yake kwenye mfereji, tyuni tena. Ukinyamaza umejua. Karatasi sio tiba, ila nakiri nimeshaipiga mandolini na karatasi miezi. Tiba ya kati ni kujaza mfereji kwa unga wa mfupa na tone la supa gluu halafu kuuchonga upya, tiba kamili ni nati mpya. Ukichonga, mfereji uinamie upande wa kichwa ili uzi uachie pale mbele kabisa.

Freti za mwanzo zinakoroma, 1 mpaka 5 hivi, za juu nzima? Shingo imenyooka kupita kiasi au imepinda kinyumenyume. Bana uzi freti ya 1 kwa mkono mmoja na pale shingo inapokutana na bodi kwa mkono mwingine, tazama katikati, karibu na freti ya 7. Panatakiwa uwazi mdogo sana, kama unene wa karatasi ya kuchapishia, ambayo ni kama 0.1 mm, mpaka 0.2. Kama uzi umelala kabisa juu ya freti, legeza trasrodi kidogo, robo ya mzunguko, subiri, pima tena. Mwenye fila geji ya gari (vile vibati vya kupimia uwazi) aitumie, ni ileile.

Kuna mmoja unachanganya watu: mkoromo unatoka nyuma ya kidole, kati ya kidole na nati. Umebana freti ya 6 na kile kipande cha nyuma kinalia kwenye freti ya 3. Weka kidole kingine chepesi juu ya uzi nyuma ya kile kilichobana. Ukinyamaza, tatizo ni hilo, na kwa kawaida ni shingo tena, au freti hiyo ya nyuma imenyanyuka.

Freti zote zinakoroma zikipigwa kwa nguvu? Nyuzi ziko chini sana. Freti ya 12, kutoka juu ya freti mpaka chini ya uzi wa G, iwe kama 1.5 mm, E inaweza kuwa chini kidogo ya hapo. Pandisha magurudumu ya daraja, ila legeza nyuzi kwanza, seti ya kawaida inavuta zaidi ya kilo 70 kwa ujumla na ukilazimisha magurudumu chini ya mzigo huo unakula meno ya skrubu. Ukipandisha, angalia daraja halijaegemea mbele, nyuzi zikikazwa zinalivuta kuelekea shingoni.

Freti moja tu, noti moja, sehemu moja? Hapo ndo freti iliyonyanyuka ya kweli. Chukua kitu kilichonyooka cha chuma kinachokalia freti tatu, ukingo wa rula fupi au hata kadi ngumu ya benki ukiikata, kiweke juu ya freti tatu tatu na ukitikise. Kikicheza kama bembea, ya katikati iko juu. Kabla ya tupa, igonge taratibu kwa nyundo ya plastiki au kipande cha mbao, mara nyingi imechomoka tu kwenye mfereji wake na inarudi. Isiporudi ndo uanze kufikiria kuisawazisha. Kama freti za 1 na 2 zina mashimo chini ya nyuzi, zimechakaa, hizo nazo zinafanya freti ya mbele ionekane ndefu.

Na kama mkoromo unakuja na kuondoka kwa misimu, hewa ndo inafanya. Hewa ikikauka uso wa mandolini unashuka, nyuzi zinashuka nao, freti zilizokua kimya zinaanza kuongea. Unyevu ukirudi vinapanda. Iweke ndani ya keisi yake kwenye unyevu wa asilimia 45 mpaka 55, subiri wiki mbili, ndo upime tena kabla hujafungua kitu.

Ukifika mahali pa kupeleka kwa fundi, usimwambie "inakoroma". Mwandikie: noti B, A freti ya 2, D freti ya 9, G freti ya 16, inakoroma kote, nimeshatoa kifuniko cha mkia na kinga ya piki, bado. Na mrekodie kwenye simu kabisa, maana ukifika pale mlangoni ukaipiga itakua safi kama mpya na utaonekana umeota.

Ile C yangu bado inakoroma. Freti mpya ya 3 ninayo kwenye droo, sijapata moyo wa kuing'oa ya zamani.